Mkono Usioisikia Karatasi

Namwandikia mtu nisiyemjua. Mtu huyo ana baka mwilini, pengine begani, pengine pajani, rangi yake imefifia kidogo kuliko ngozi iliyolizunguka. Haliwashi wala halimuumi. Amelipaka mafuta ya kila namna na limebaki vilevile, naye amejiambia kwamba kitu kisichouma si ugonjwa. Mimi nilijiambia hivyo kwa karibu miaka miwili, na leo vidole viwili vya mkono wangu wa kulia vimejikunja na havitanyooka tena. Kama ni wewe, soma mpaka mwisho, halafu nenda ukaonyeshe. Na kama una mtoto nyumbani, nenda naye. Hilo la mtoto ndilo lililonifanya nikae niandike.

Naitwa Esha. Nakaa Langoni, mjini Lamu. Mume wangu, Lali, ana duka la fotokopi, na tuna binti mmoja, Rukia, aliyekuwa na miaka kumi na minne mambo haya yalipoanza.

Duka la Lali ndilo lililonitia katika karatasi. Mashine ikiwa na siku mbaya hutapika karatasi zilizokunjamana au zenye mistari myeusi, naye alikuwa akizileta nyumbani za kuwashia jiko. Siku moja, badala ya kuziwasha, nikazikunja. Waridi la kwanza nililotengeneza lilikuwa na maswali ya hesabu ya darasa la sita kwenye kila jani. Baada ya hapo sikuacha. Nilijifunza kwa kufumua: nikipata boksi zuri la biskuti au la manukato nalifungua taratibu kwenye gundi yake nione limekatwaje, halafu nalijenga upya. Nikatengeneza kadi, masanduku ya zawadi za bibi arusi, na maua ya krepu ambayo wageni waliinama kuyanusa kabla hawajagundua.

Lakini nililolipenda zaidi ni kukata. Nyumba za zamani za hapa kwetu zina zidaka, vile vishubaka vya ukutani vilivyochongwa kwa chokaa, safu juu ya safu. Niliomba ruhusa nikaingia nyumba za watu na daftari langu nikavichora. Kisha nikavikata kwenye manila nyeupe kwa kisu chembamba, tundu moja baada ya jingine, hata nikapata pazia zima la karatasi la kusimamishwa nyuma ya bibi arusi siku ya kuonyeshwa. Pazia moja lilinichukua miezi miwili. Haikuwa kazi ya kunilisha. Ilikuwa kitu changu. Lali alikuwa akiketi karibu yangu na redio yake, Rukia akiokota vipande vidogo sakafuni kwa mkanda wa gundi.

Baka lilitokea kwenye mkono, juu ya kiwiko, kwa nyuma. Jingine likaja mgongoni, nikaambiwa na Rukia. Duka la dawa wakanipa mafuta ya choa. Sikuyafikiria tena. Kilichoanza kunisumbua ni kidole cha mwisho. Ukikata karatasi, upande wa kiganja hulala juu yake, na kile kidole kidogo ndicho kinachokwambia karatasi imesogea. Chako huenda hujawahi kukifikiria. Changu kilinyamaza. Nikawa nakata pembeni ya mstari. Nikatupa kipande, nikaanza upya, nikatupa tena. Nikasema ni uchovu, nikasema ni umri, nikanunua miwani.

Mwaka ule dada yangu mkubwa, Zena, alikuwa akimwoza binti yake, Salma. Nilimwahidi pazia ambalo Lamu haijaliona. Siku tatu kabla ya harusi nilikuwa sebuleni nikibandika maua kwenye ukingo wake kwa ile bunduki ya gundi inayoyeyusha vijiti kwa umeme. Rukia akaingia kutoka shule, akasimama mlangoni akakunja pua.

"Mama, kitu gani kinaungua?"

Nikatazama jikoni. Moto ulikuwa umezimwa tangu adhuhuri.

"Mama! Mkono wako!"

Nikashusha macho. Kidole cha mwisho na cha pete vilikuwa vimelala juu ya mdomo wa ile bunduki. Ngozi ilikuwa imegeuka nyeupe na imeshikana na gundi. Nilivitoa kwa utulivu, kama mtu anayeondoa kitu cha mwenzake.

"Hukusikia?" akaniuliza.

"Nilisikia."

"Ulisikia na hukutoa mkono?"

Nikaichomoa ile bunduki ukutani. Nikamwambia, "Usimwambie babako. Tumalize harusi kwanza."

Harusi ikaisha, picha zikapigwa, pazia likasifiwa na watu nisiowajua. Mkono wangu niliufunga kitambaa nikasema nimeungua na sufuria. Kidonda hakikupona. Kikafungwa na kufunguliwa hospitalini tangu kaskazi ikivuma mpaka mvua za masika zikaanza. Benchi la kungojea lilikuwa la mbao, rangi ya buluu imechunika pale watu wanaposhika wanapoinuka. Nililijua benchi lile kuliko kitanda changu. Nilijua mama gani ana mtoto wa chanjo na nani anakuja kwa sukari. Kila aliyenifunga aliniambia nisiloweshe mkono. Hakuna aliyeniuliza kwa nini siumii.

Aliyeuliza alikuwa Sista Nekesa, muuguzi mgeni aliyehamishiwa kwetu kutoka upande wa Bungoma. Alifungua kitambaa, akaanza kusafisha kwa spiriti, halafu akaacha.

"Mama Rukia, hii haikuchomi?"

"Kidogo."

Alinitazama vizuri. Akaniomba nivue buibui, akayaona mabaka. Akanishika kiwiko akapapasa kwa nyuma kama anayetafuta uzi ndani ya mshono. Kisha akachukua pamba, akaizungusha ncha ikawa nyembamba.

"Nitakugusa. Funga macho. Pale nitakapokugusa, onyesha kwa kidole."

Nikafumba. Nikangoja. Nilisikia feni, nilisikia mtoto akilia nje. Nikazidi kungoja. Mwisho nikamuuliza, "Utaanza lini?"

"Nimemaliza," akasema.

Nilifumbua macho. Alikuwa ameiweka pamba mezani na hakuwa akinitazama.

Alinituma Mombasa kwa daktari wa ngozi. Boti mpaka Mokowe, kisha basi, kutwa nzima, peke yangu, kwa kuwa nilimwambia Lali ni mambo ya wanawake. Daktari alinikwaruza ndewe la sikio akachukua tone, akanirudisha kwenye benchi la plastiki nikakaa hadi alasiri. Aliponiita alisema ni ukoma, kwa sauti ileile ambayo mtu angesema malaria. Akasema unatibika, dawa ni bure, miezi kumi na miwili. Akasema nikishaanza dawa simwambukizi mtu. Alisema mengi ya heri na mimi sikuchukua hata moja. Nilishika neno moja tu nikarudi nalo Lamu kama mzigo usio na mahali pa kuutua.

Nilimwambia Lali wakati wa chakula cha mchana, Rukia akiwa shule. Alikuwa na tonge mkononi. Akalirudisha kwenye sinia.

"Nani mwengine ayuao?"

Hilo ndilo swali lake la kwanza. Sikumlaumu, mimi mwenyewe ndilo nililojiuliza njia nzima. Lakini baada ya hapo aliinuka akanawa mikono, akasabuni, akasuuza, akasabuni tena. Nilikuwa nimekaa hapo nikiyasikia maji. Wiki ile akahamishia godoro dukani. Alisema mashine inahitaji mlinzi.

Zena nilimwambia mwenyewe kwa kuwa ni dada yangu na tumekula sinia moja tangu tuna meno ya maziwa. Akashika kifua.

"Jedhamu? Esha, ni jedhamu uliyo nayo?"

"Ina dawa, dada."

"Mwanangu ameolewa yuzi tu. Watu wakiyua, watamrudisha. Usiye tena nyumbani kwangu mpaka upone."

Siku mbili baadaye Rukia alirudi kutoka huko amekimbia, hana pumzi. Alikuwa amepita nyumbani kwa mama yake mkubwa akamkuta uani anachoma lile pazia la karatasi. Alilikunja mara nne ili liingie kwenye pipa. Nilimuuliza Sista Nekesa kama karatasi inaweza kubeba ugonjwa. Akanijibu kwa hasira, "Karatasi? Hapana, mama. Hakuna mdudu wa ukoma anayekaa kwenye karatasi akingoja watu." Nilimshukuru. Lakini pazia lilikuwa limeshakuwa majivu, na habari ilikuwa imeshatoka pale uani ikapanda mtaa. Mama wa bibi arusi mwingine aliyekuwa ameniagiza masanduku hakuja kuyachukua. Yakakaa juu ya kabati hadi mchwa wakayaona.

Dawa huja kwenye pakiti, moja kwa mwezi, na mwaka wangu nauhesabu kwa pakiti hizo. Vidonge vya siku ya kwanza ya kila pakiti unavimeza mbele ya muuguzi. Pakiti ya kwanza mkojo uligeuka mwekundu, nikapiga kelele chooni kabla ya kukumbuka kwamba niliambiwa. Pakiti ya tatu ngozi ikaanza kubadilika. Nilikuwa maji ya kunde, na sikufichi, nilijivunia. Uso ukawa mweusi wenye wekundu ndani yake, kavu kama gamba, na mabaka yakawa meusi zaidi ya kwingine. Sasa aliyekuwa hajasikia aliweza kuona. Nikienda sokoni niliteremsha ninja usoni, mimi ambaye sikuwahi kuivaa.

Nyuma kidogo, katika ile pakiti ya kwanza, Sista Nekesa alikuwa ameniambia jambo ambalo ningelitii haya yote yangekuwa mafupi.

"Nataka kuwaona watu unaokaa nao. Baba na watoto. Ni kuwaangalia ngozi tu, dakika tano."

"Mume wangu hatakuja."

"Na watoto?"

Nilifikiria lile benchi la buluu. Nilifikiria Rukia amekaa juu yake, na kila anayepita akimtazama. Nikasema, "Nina binti mmoja. Yuko bara, anasoma bweni."

"Akifunga shule mlete."

"Nitamleta."

Akaandika kwenye kadi yangu. Niliyaona maneno yakiandikwa. Rukia wakati ule alikuwa darasani, mwendo wa dakika kumi kutoka pale.

Pakiti ya tano ilinikuta kusi bado ikivuma. Asubuhi moja niliamka na maumivu kwenye kiwiko yaliyoshuka mpaka kwenye kidole kama waya uliopashwa moto. Ajabu, mkono usiosikia ukawa unaniua kwa maumivu. Uso ukavimba, mabaka yakavimba yakawa mekundu, macho yakabaki mistari miwili. Nikajiona kwenye kioo nina sura pana na bapa kama mkate wa mofa. Sista Nekesa alisema mwili unapigana na wadudu wanaokufa, na mishipa ndiyo inayoumia katikati. Akanipa vidonge vingine vya kutuliza, vingi, vya kupunguzwa wiki baada ya wiki. Maumivu yakashuka. Lakini kabla hayajashuka, ndani ya siku kumi, kidole cha mwisho na cha pete vilijikunja kuelekea kiganjani, na nyama iliyo kati ya kidole gumba na cha shahada ikaliwa, pakabaki shimo.

Nilichukua mkasi nijaribu. Haukufunguka. Nikachukua kisu nikakata mstari mmoja ulionyooka kwenye manila, mstari ambao ningeukata nikiwa nimelala. Ulipinda kabla ya kufika nusu. Nikakusanya visu vyangu, mikasi, pini, daftari la zidaka, karatasi zote, nikavitia kwenye kasha. Dawa nazo nikazitia humohumo. Nikafunga.

Sikumeza kitu kwa siku tisa. Sikutaka kufa hasa, sikuwa na nguvu ya kutaka kitu chochote. Nilikuwa nimelala nikitazama boriti za dari na nikizihesabu, na nikifika mwisho nasahau hesabu. Rukia alipika, akafua, akaniwekea uji. Sikumuuliza habari za shule. Lali alikuja mlangoni akasimama, akauliza kama kuna kitu kinahitajika, akaondoka na swali lake. Nilisali nikiwa nimeketi, na katika sijda nilimuuliza Mola kwa nini hakuchukua mguu. Kama alikuwa anataka kitu kutoka kwangu, mguu ningempa.

Siku ya kumi Sista Nekesa alikuja nyumbani. Alikuja na sare yake nyeupe, mchana, mtaa mzima ukimwona, nami nikamchukia kwa hilo. Alivua viatu, akaketi kwenye mkeka bila kukaribishwa.

"Hukuja kuchukua pakiti."

"Vidole vitanyooka nikizinywa?"

"Hivi viwili? Hapana, sidhani. Siwezi kukudanganya." Akaushika mkono wangu, akaupaka mafuta ya nazi niliyokuwa nayo kwenye kopo, akaanza kuvinyoosha vidole kimoja kimoja juu ya goti lake. "Lakini kuna hivi vitatu. Na kuna huo mkono mwingine. Na kuna macho. Ukiacha dawa, sitajua kesho nitakuja kunyoosha nini."

Nililia. Hakuniambia ninyamaze. Alipoondoka nikafungua kasha nikatoa dawa. Vile vingine nikaviacha humo.

Pakiti ya saba nikaitwa tena Mombasa kuonyesha mkono. Benchi lilikuwa lilelile la plastiki. Pembeni yangu alikaa mwanamke kijana kutoka upande wa Kwale, ana mtoto wa miezi mitano hivi. Jina lake likaitwa. Akanigeukia akaninyooshea mtoto.

"Mama, nishikie."

Nikarudisha mikono nyuma. Nikamwambia polepole, wengine wasisikie, "Mimi nina ukoma."

"Dawa unakunywa?"

"Nakunywa."

"Basi shika mtoto, nimeshaitwa."

Akaniwekea mapajani akaingia. Nilikaa naye labda robo saa. Alikuwa na joto, alinuka maziwa, alikishika kidole changu kilichojikunja akakivuta kwenda mdomoni, nikamzuia, akakivuta tena. Ilikuwa miezi saba tangu mtu aniguse bila kuwa amelipwa mshahara kwa kazi hiyo. Mama yake alitoka, akamchukua, akasema ahsante kama vile nimemshikia mwavuli.

Niliporudi nilimsimulia Rukia. Nilikuwa na furaha, ya kwanza tangu harusi. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza, "Kwa hivyo mtu akinywa dawa anakuwa sawa? Hata watu wanamshika?"

"Wengine wanamshika."

Akaufunga mlango. Kisha akasema, "Mama, nikuonyeshe kitu?"

Akageuka akateremsha gauni begani. Chini ya bega la kushoto, mahali ambapo ungehitaji vioo viwili kupaona, palikuwa na baka dogo kama kifuniko cha soda. Kando yake na ndani yake kulikuwa na vidoa vidogo vya mchomo, vingine vimekauka, vingine vipya.

"Hivi ni nini?"

"Nilikuwa nachukua pini zako kabla hujazifungia. Sasa natumia ya shule. Najichoma nione kama nasikia. Pembeni nasikia. Katikati sisikii vizuri."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya Idi."

Idi ilikuwa imepita miezi mitano nyuma. "Mbona hukuniambia, mwanangu?"

"Nilikuona wewe, mama," akasema. "Nilimwona mama mkubwa akilichoma pazia."

Sitaeleza nilichokisikia moyoni. Mwenye mtoto hahitaji kuelezwa. Nilimkumbuka Sista Nekesa akiandika kwenye kadi.

Nilimwita Lali kutoka dukani. Alipolitazama lile baka uso ulimparama.

"Mpeleke Mombasa," akasema. "Sio hapa. Hapa mato ya watu hayalali. Huyu ni mwanamke, Esha. Ataolewa na nani?"

"Kila mwezi Mombasa? Atakosa shule, atakosa pakiti."

"Ntatafuta ndia."

"Ndia gani? Ya kumficha?" Nikamnyooshea mkono wangu wa kulia. "Mimi nilijificha. Nawe ukanifichia. Tizama. Tizama, Lali, hujautazama tangu ulivyojikunja."

Aliutazama. Kisha akaketi chini palepale kwenye kizingiti, mtu mzima, akafunika uso kwa kofia yake.

Asubuhi nilitoka na Rukia. Sikuteremsha ninja. Tulipita ndia kuu, ile njia inayokata mji, maduka yakifunguliwa, na nilikuwa nimemshika mkono kwa vile vidole vyangu vitatu. Watu walitusalimu, wengine wakatafuta la kufanya wasitusalimu. Rukia alitembea akitazama miguu yake. Kwenye benchi la buluu alikaa ukingoni kabisa.

Sista Nekesa alifungua mlango, akatuona, akatabasamu. "Ah! Huyu ndiye binti wa bweni? Shule zimefungwa?"

Rukia akainua kichwa. "Mimi sijawahi kusoma bweni, sista. Nasoma hapahapa."

Nesi akanitazama. Rukia naye akanitazama. Ilikuwa imechelewa kuteremsha ninja, na sakafu haikufunguka.

"Ingia," Sista Nekesa akamwambia, na mimi akaniacha nje.

Ilikuwa mapema. Baka moja tu, mishipa haijaguswa, mikono na miguu iko salama. Akathibitishwa, akaandikiwa pakiti sita. "Mmewahi," Sista Nekesa aliniambia. Sijui kama nilistahili neno hilo. Aliyewahi ni mtoto, aliyejipima kwa pini ya shule kwa sababu mama yake alimwandikisha bara kwa uongo. Siku mbili baadaye Lali alikwenda kuonyesha ngozi yake bila kuniambia. Hakuonekana na kitu. Jioni ile godoro lake lilirudi nyumbani, akalitandika sebuleni. Limekaa sebuleni mpaka leo. Tunakula pamoja lakini, na sinia ni moja.

Nimemaliza pakiti zangu kumi na mbili. Ukitaka nikwambie mambo yatakavyokuwa, nitakwambia yalivyokuwa kwangu tu. Ngozi imeanza kurudi, polepole. Mabaka yamebaki lakini yamelala. Mkono haukurudi. Kila asubuhi naulowesha, naupaka mafuta, navinyoosha vidole kwa dakika ishirini ili visikaze zaidi, na kila asubuhi vinarudi vilipokuwa. Nabeba sufuria kwa kitambaa kinene kwa kuwa siwezi kujua moto. Nakagua vidole vyangu kila siku kama mtu anayekagua viatu vya mtoto. Nimejaribu kukata kwa mkono wa kushoto. Natoa nyota za mtoto wa chekechea. Watu huniambia nishukuru, nami nashukuru, na bado kuna siku nalala nikihesabu boriti. Zena hajaja. Tulikutana kwenye msiba wa jirani, akanipa salamu kwa mbali, akakusanya buibui lake.

Rukia alibadilika rangi kidogo, si kama mimi. Shuleni wasichana watatu walihama dawati. Alisema hajali. Nilimwona siku moja nikipita nje ya uzio, anakula peke yake kwenye ngazi huku amefungua kitabu, na kurasa hazikugeuka. Hakukosa pakiti hata moja. Alikwenda mwenyewe kuzichukua, hakutaka nimsindikize.

Siku aliyomeza vidonge vya mwisho alirudi akasema, "Nimemaliza," akaenda jikoni kupika chai. Nilimfuata. Nilikuwa nimelibeba neno hili kwa miezi sita na sikujua pa kuliweka.

"Rukia, nisamehe."

Alikuwa akiponda iliki. Hakuacha.

"Kwa ugonjwa sina la kukusamehe," akasema. "Hukuununua dukani. Lakini kwa kumwambia sista mimi sipo, bado."

"Bado mpaka lini?"

"Sijui, mama. Nitakwambia."

Alimimina vikombe vitatu. Changu akakiweka upande wa mkono wangu wa kushoto, mpini ukinielekea, akachukua cha babake akatoka. Nikamwambia nitangoja. Sijui kama alisikia. Ilikuwa mwanzo wa mvua za masika, na bado nangoja.